Mgonjwa Asiyelia

 

Mmezoea kusoma katika ukurasa huu habari za homa za watoto, lishe ya mama mjamzito na usafi wa maji. Mwezi huu tunaomba mturuhusu tuzungumze juu ya mgonjwa wa aina nyingine, naye ni sungura. Huenda mmoja wenu akacheka. Lakini tunajua kwamba nyumba nyingi zina banda dogo nyuma ya jiko, na mtoto ambaye kila atokapo shuleni hukimbilia bandani hata kabla ya kuvua sare. Mnyama huyo akiugua, mama ndiye anayeitwa. Sisi tuliitwa, na tulikosea. Ndiyo sababu tunaandika.

Kitindamimba wetu ni binti wa miaka tisa. Alipewa sungura dume mweupe, akamwita Pamba. Kaka yake naye ana jike wa rangi ya kahawia katika banda la pili. Kwa kaka yake sungura ni mradi, lakini kwa binti Pamba alikuwa rafiki. Alimsomea vitabu vya shule, akamweleza mambo ambayo sisi wazazi hatukuelezwa.

Wiki ya Pasaka mvua za masika zilikuwa nyingi. Watoto hawakutaka kulowa kwa kukata ukoka, na sisi tulikuwa na wageni, hivyo hatukufuatilia. Sungura wakapewa kilichokuwapo: mkate, chapati, biskuti za wageni, na wali uliobaki. Wageni wadogo walifurahi mno kumlisha Pamba, naye alikula kila alichopewa.

Jumatatu ya Pasaka jioni binti alitujia jikoni akasema, "Mama, Pamba hajala tangu asubuhi, na leo hajapata choo." Tulimjibu kwamba sungura ameshiba sikukuu kama sisi sote. Aliposisitiza, tulikwenda tukamtazama. Alikuwa amejikunyata pembeni, mgongo ameupinda, macho nusu yamefumba, na meno yakisagana taratibu. Hakulia wala kuhangaika. Tulichukua kipimajoto cha zamani, tukampima kwa njia ya haja kubwa kama tunavyowapima watoto wachanga. Kikasoma nyuzi 37.3. Tukamwambia binti kwa uhakika wote wa muuguzi, "Hana homa. Tutamwona kesho."

Hapo ndipo tulipokosea. Joto la kawaida la sungura mzima ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Nyuzi 37.3, ambayo kwa mtoto ni afya njema, kwa sungura ni dalili kwamba mwili umeanza kupoa na kuishiwa nguvu. Kipimo kilitupa jibu la kweli, lakini sisi tulilisoma kwa macho ya wodini kwetu.

Asubuhi hali ilikuwa mbaya zaidi. Masikio yalikuwa ya baridi, na chini ya wavu hapakuwa na kinyesi hata kimoja. Tukafungua kabati la dawa. Humo mlikuwa na kapsuli za amoksilini zilizobaki mtoto mkubwa alipougua masikio. Sisi ambao kila kliniki huwaambia akina mama wasibakize dawa hizo wala kumpa mtu mwingine, tulikuwa tumezibakiza. Tukafungua kapsuli moja, tukamimina robo ya unga wake kwenye kijiko, tukakadiria uzito wa sungura kichwani. Baba watoto alikuwa akifunga viatu mlangoni. Akasema, "Si umpigie bwana mifugo kwanza?"

Tukapiga. Swali la kwanza la bwana mifugo lilikuwa, "Sista, umeshampa?" Tukamwambia bado. Akasema, "Mshukuru Mungu. Mwaga."

SUNGURA SI MBUZI MDOGO

Alipofika saa nne alitueleza, na tunaona yafaa kila mama anayefuga ayajue maneno haya.

Sungura anaishi kwa kula majani karibu wakati wote. Mwanzoni mwa utumbo wake mpana kuna mfuko mkubwa wenye vijidudu vyema vinavyovunjavunja majani. Baadhi ya chakula hicho hutoka kama choo laini chenye umbo la kishada, na sungura hukila tena, mara nyingi usiku, akikichukua moja kwa moja anapokitoa. Watoto wakiliona jambo hili wasidhani ni uchafu au ugonjwa. Ndivyo anavyopata protini na vitamini za kundi B. Choo kingine, kile kigumu cha mviringo kama njegere, ndicho tunachokiona chini ya banda.

Utumbo huo husukumwa na nyuzinyuzi za majani. Sungura akikosa majani akashiba mkate, wali na biskuti, mwendo wa utumbo hupungua, gesi hujaa, na tumbo humuuma. Kwa kuwa linamuuma, hali. Kwa kuwa hali, utumbo unazidi kusimama. Tena sungura hawezi kutapika, hivyo kilichoingia hakina njia ya kurudi. Akiendelea kukaa bila chakula, hata ini lake huanza kuharibika. Kwa hiyo sungura asiyekula wala kupata choo kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura. Hafai kungojea kesho.

Na ile amoksilini? Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni mwa sungura huua vile vijidudu vyema. Vibaya hubaki na kuongezeka, hutoa sumu, na mnyama huharisha na kufa baada ya siku chache. Ampisilini, amoksilini na klindamisini zote zina hatari hiyo. Dawa iliyomwokoa mtoto wako inaweza kumwua sungura wake. Daktari wa mifugo anazo dawa zinazomfaa, naye ndiye ajuaye kipimo.

DALILI ZA KUTAZAMWA

Sungura ni mnyama anayewindwa na wengi, hivyo ameumbwa kuficha maumivu yake. Hulia mara chache sana, na mara nyingi ni kwa hofu kubwa. Anayengoja sungura alie ndipo amtazame atakuwa amechelewa. Mtazame kila asubuhi na jioni kwa mambo haya:

Kwanza, chakula. Je, amemaliza majani ya jana? Anayeacha majani akataka vitu vitamu tu, huenda meno yanamsumbua. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na asipotafuna majani magumu hurefuka yakamchoma.

Pili, choo. Kikiwa kidogo kuliko kawaida, kikavu, au kimekoma, ni hatari. Kuharisha maji pia ni hatari, hasa kwa watoto wa sungura walioachishwa kunyonya karibuni, kwani ugonjwa wa koksidia huwaua upesi.

Tatu, mkao. Kujikunyata, kusaga meno kwa nguvu, kutotaka kusogea, au kuinamisha kichwa upande mmoja.

Nne, pua na pumzi. Sungura hupumua kwa pua. Akipumua kwa mdomo wazi yuko katika hatari kubwa. Ute puani na manyoya yaliyogandamana kwenye miguu ya mbele, anakojifutia, ni dalili ya ugonjwa wa njia ya hewa.

Tano, masikio. Magamba mazito ya kahawia ndani ya sikio huletwa na utitiri. Usiyabandue kwa nguvu, maana yanauma mno. Yakitibiwa vizuri hudondoka yenyewe.

Sita, tumbo. Likivimba ghafla likawa gumu kama mpira, usimlishe wala kumnywesha chochote. Huenda njia ya chakula imeziba. Mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo.

KUMUUGUZA NYUMBANI

Bwana mifugo alimpapasa Pamba tumbo, akaona kwamba halikuziba. Akamchoma sindano ya kupunguza maumivu na nyingine ya kuamsha utumbo, akampa maji ya chumvi chini ya ngozi. Kisha akatuachia kazi ya uuguzi, kazi ambayo kwa kweli tunaijua.

Tulimweka ndani ya boksi lenye nyasi kavu, mahali pakavu pasipo kelele wala mbwa. Chupa ya maji ya uvuguvugu tuliizungushia kanga, tukaiweka ubavuni mwake, tukimwachia nafasi ya kusogea akiona joto limezidi. Chupa ya maji ya moto isiyofunikwa humwunguza.

Mgonjwa asiyeweza kula mwenyewe, ambaye daktari amehakikisha hakuziba, hulishwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tuliloweka chakula chake cha vidonge katika maji ya uvuguvugu, tukakiponda pamoja na majani mabichi hadi kikawa uji mwepesi. Kipimo tulichopewa ni mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, mara nne au tano kwa siku. Pamba alikuwa na kilo mbili, kwa hiyo alipata mililita 20 hadi 30 kila mara.

Namna ya kumlisha ni muhimu kama chakula chenyewe. Mviringishe kwa taulo, kichwa kibaki nje. Akae kwa tumbo lake, kamwe usimlaze chali. Ingiza ncha ya bomba kando ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele, ambako pana nafasi. Toa mililita moja, ngoja atafune na kumeza, ndipo utoe nyingine. Ukisukuma kwa haraka uji utaingia mapafuni. Sungura aliyeishiwa nguvu hata hamezi asilishwe hivyo, bali arudishwe kwa daktari.

Unapomwinua, mkono mmoja uwe chini ya kifua na wa pili ushike makalio. Miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi, na akipiga teke hewani anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Usimshike masikio kama tulivyoona wakubwa wetu wakifanya.

Baada ya kumhudumia, osha mikono kwa sabuni. Mapunye na baadhi ya magonjwa ya ngozi hutoka kwa sungura yakaingia kwa watoto. Na kipimajoto cha mnyama kisirudi tena kwa mtoto. Kiwekee alama.

MANENO YA MAJIRANI

Siku ya Jumatano mama jirani alipita. Ni mwenzetu katika kwaya, na ni mtu wa moyo mzuri. Alituona tumekaa na bomba na taulo akashangaa. "Mama, si mmchinje kabla hajafa mwenyewe? Angalau mle mboga. Bwana mifugo amekula hela kuliko bei ya sungura."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Hata hivyo tulimweleza mambo mawili. La kwanza ni la afya: mnyama mgonjwa hafai kuliwa, na aliyepewa dawa nyama yake bado inazo. La pili lilikuwa gumu zaidi kulieleza. Akina mama, mnakumbuka kisa ambacho nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi, katika 2 Samweli sura ya 12. Maskini yule alikuwa na mwana-kondoo mmoja, akamlea pamoja na watoto wake, akawa kwake kama binti. Daudi alikasirika mno kusikia kwamba tajiri amemchukua, wala hakuuliza bei ya kondoo. Alielewa mara moja kilichoibwa.

Hatusemi kwamba kila sungura atibiwe kwa gharama yoyote. Nyumba ikiwa na karo na dawa za bibi za kulipia, si dhambi mama kusema hatuwezi. Lakini tusimwache mnyama ateseke bandani siku tatu kwa kuwa hatukutaka kuamua. Mwombeni daktari wa mifugo ammalize bila maumivu, na mtoto aelezwe.

Usiku huo katika sala binti alimwombea Pamba. Kaka yake alicheka. Baba yao akamwambia kwamba Bwana Yesu alisema hata shomoro mmoja haanguki pasipo Baba kujua, na kwamba sungura ni mkubwa kuliko shomoro. Kijana akanyamaza, akainama.

Jumatano jioni Pamba alitoa choo, vidonge sita vidogo vikavu. Binti alivihesabu kwa tochi kama mtu ahesabuye lulu. Sote tulifurahi. Alhamisi alfajiri tulipoamka kumlisha, tulimkuta amekufa.

KUMWAMBIA MTOTO

Katika kazi yetu tumewaambia watu wengi habari za msiba. Hiyo ilikuwa kati ya zilizotuwia ngumu. Tulitamani kusema Pamba ametoroka, au amelala. Lakini mtoto anayeambiwa kwamba kufa ni kulala huanza kuogopa kitanda chake, na anayedanganywa juu ya sungura hataamini tutakapomweleza juu ya bibi yake. Kwa hiyo tulimwamsha, tukamkalisha, tukamwambia, "Mwanetu, Pamba amekufa usiku huu." Alilia, nasi tukamshika bila kumwambia anyamaze.

Baadaye aliuliza kama Pamba yuko mbinguni. Tulimjibu kwamba Maandiko hayakutueleza hilo wazi, ila Mungu aliyemwumba hamsahau.

Kisha akauliza lile tulilokuwa tukiliogopa. "Mama, kama tungemwita bwana mifugo ile Jumatatu, angepona?"

Tulikuwa na majibu mengi. Tungeweza kusema ni mapenzi ya Mungu. Tungeweza kusema sungura wa rika lake hufa tu, ingawa ukweli ni kwamba sungura anayetunzwa vema anaweza kufikisha miaka 8 hata 12. Tulimtazama, tukamwambia, "Huenda angepona. Wewe uliona, ukatuambia, nasi hatukukusikiliza. Tunakuomba utusamehe."

Hakujibu siku hiyo. Alikwenda na kaka yake wakachimba shimo refu chini ya mparachichi, mbali na kisima, kama bwana mifugo alivyoagiza. Ilipita kama wiki nzima ndipo akatujia jikoni, akaegemea bega letu, akasema sungura wa kaka yake amekula ukoka wote.

Tangu hapo yeye ndiye mkaguzi wa banda. Kila asubuhi anatazama majani yaliyobaki na choo kilichodondoka, kisha anakuja kutupa taarifa, nasi tunaacha tunalolifanya tukasikiliza. Mkate na biskuti zimepigwa marufuku. Chakula kikuu ni nyasi, nyingi na za kila siku, zilizokaushwa kidogo wakati wa mvua, pamoja na majani kama matembele kwa kiasi, na maji safi wakati wote. Ukokaji wa nyasi haungoji mvua iishe.

Akina mama, wodini tulifundishwa kwamba mtoto anayepiga kelele bado ana nguvu, na kwamba kwanza tumwendee yule aliyenyamaza pembeni. Tulilijua hilo kwa miaka mingi, na bado likatupita nyumbani kwetu mara mbili kwa jioni moja: sungura aliyenyamaza bandani, na binti aliyenyamaza baada ya kuambiwa angoje kesho. Tukikupa shauri moja tu mwezi huu, ni hili: mtoto akikuambia mnyama wake hajala, funika sufuria uende ukatazame. Na usipojua, uliza kabla hujafungua kabati la dawa.

Mwezi ujao, Bwana akitujalia uzima, tutazungumza juu ya dawa zinazobaki nyumbani na namna ya kuziteketeza salama. Sisi tumeshaanza na zetu.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.